Kuanzisha Shindano la Sataranji la Kila Mwaka Mtwara: Mwongozo Unaotokana na Historia ya Wijk aan Zee

Wapenzi wa sataranji katika mikoa ya kusini huulizana mara kwa mara ni lini Mtwara nayo itakuwa na shindano lake la kueleweka, na jibu linalotolewa upesi ni kwamba fedha hakuna, ukumbi hakuna, na wachezaji wenye majina wote wako Dar es Salaam. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kulianzisha hata hivyo. Nimeutegemeza juu ya historia ya shindano la Wijk aan Zee la Uholanzi, ambalo leo ni miongoni mwa mashindano yanayoheshimiwa kuliko yote duniani, kwa sababu historia hiyo inaonyesha hatua kwa hatua jinsi mchezo wa watu wachache waliokuwa karibu na kiwanda ulivyofikia kuwakutanisha mabingwa wa dunia. Atakayeisoma kwa jicho la mwandaaji, na siyo la mshabiki tu, ataona kwamba sehemu kubwa ya yaliyofanyika kule yanawezekana Shangani, Mikindani au Masasi bila kumsubiri mfadhili yeyote.

Ijue kwanza historia yenyewe

Shindano hilo lilizaliwa Januari 1938 katika mji wa Beverwijk, chini ya kiwanda cha chuma cha Hoogovens kilichokuwa jirani, kule IJmuiden. Wachezaji walipangwa katika makundi ya watu wanne wanne, Waholanzi watupu, na mshindi wa kwanza alikuwa Philip Bakker, jina ambalo leo hata wapenzi wengi wa mchezo huu hawalitambui. Kwa miaka kadhaa likabaki la wenyeji. Max Euwe, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1935 hadi 1937, alilishinda mwaka 1940, akalishinda tena 1942 wakati nchi yake ikiwa chini ya uvamizi wa Wajerumani. Vita vililikatiza mara moja tu, mwaka 1945.

Mwaka uliofuata likarudi, na safari hii likafungua mlango kwa wageni. Albéric O'Kelly de Galway wa Ubelgiji akawa mshindi. Chakula kilikuwa cha shida katika Uholanzi ya wakati ule, kwa hiyo waalikwa wa hafla ya kufunga waliandaliwa supu nzito ya njegere, mlo wa kawaida kabisa wa watu wa kawaida. Hali ilipotengemaa wangeweza kuiacha, lakini hawakuiacha, na supu hiyo imeendelea kuwa sehemu ya karamu ya kufunga hadi zama zetu hizi.

Mwaka 1968 shindano likahamia Wijk aan Zee, kijiji kidogo kilichoko ufukweni mwa Bahari ya Kaskazini, hapo hapo jirani na kiwanda. Viktor Korchnoi alishinda mwaka huo akiwaacha waliomfuata kwa pointi tatu nzima, jambo ambalo kwa kiwango kile ni nadra sana. Tangu hapo jina la kijiji ndilo lililobaki vinywani mwa watu, ingawa jina rasmi limebadilika kila kiwanda kilipobadilisha mwenyewe: Hoogovens iliungana na British Steel mwaka 1999 na kuzaliwa Corus, kisha Corus ikanunuliwa na kampuni ya Tata Steel ya India mwaka 2007, na jina la Tata Steel likaanza kutumika kwenye shindano mwaka 2011. Toleo la 2025 lilihesabiwa kuwa la 87. Ukihesabu miaka kuanzia 1938 hadi 2025 utapata 88, ukiondoa ule mmoja wa 1945 unabaki na 87 kamili. Hesabu hiyo ndogo ndiyo ninayoiona kuwa sifa kuu ya shindano lile, kuliko hata orodha ya majina makubwa yaliyopita pale.

Anza na idadi unayoweza kuimudu

Kosa la kawaida la waandaaji wetu ni kutaka mwaka wa kwanza uwe na wachezaji sitini, mabango barabarani na mgeni rasmi. Wapate wachezaji sita wanaojua kanuni, wanaofika kwa wakati na wanaokubali kucheza hadi mchezo wa mwisho hata kama tayari wameshapoteza matumaini ya ushindi. Hao wanatosha. Kundi kuu la Wijk aan Zee kwa kawaida huwa na wachezaji 14, na kila mmoja hukutana na kila mmoja mara moja, yaani raundi 13 na michezo 91 kwa jumla. Kwa wachezaji sita, mpango huo huo unahitaji raundi tano na michezo 15, ambayo inaingia vizuri katika Jumamosi na Jumapili moja.

Watakuwepo watakaoshauri mtoano, kwa kuwa ni wa haraka na watu wameuzoea kwenye mpira. Wijk aan Zee nao waliujaribu, mwaka 1993 aliposhinda Anatoly Karpov na mwaka 1995 aliposhinda Alexey Dreev, kisha wakarudi kwenye ligi. Kwa Mtwara nashauri mtoano usiguswe kabisa katika miaka ya mwanzo. Mchezaji aliyetoka Newala au Tandahimba kwa nauli yake mwenyewe, akapoteza mchezo mmoja saa tatu asubuhi na kuambiwa arudi nyumbani, hatakuja tena mwaka ujao, na mwaka ujao ndio tunaoutafuta.

Upangaji wa ligi usifanywe kwa kukisia. Yapo majedwali yanayojulikana kwa jina la Berger, bwana wa Austria, ambayo hupanga nani akutane na nani, na nani ashike kete nyeupe, bila mtu kupendelewa. Wachezaji hupewa namba kwa kupiga kura mbele ya watu wote, kisha kwa kundi la sita mpangilio unakuwa hivi, wa kwanza kutajwa akiwa ndiye mwenye nyeupe:

Raundi ya 1: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4.
Raundi ya 2: 6 na 4, 5 na 3, 1 na 2.
Raundi ya 3: 2 na 6, 3 na 1, 4 na 5.
Raundi ya 4: 6 na 5, 1 na 4, 2 na 3.
Raundi ya 5: 3 na 6, 4 na 2, 5 na 1.

Namba 1, 2 na 3 watashika nyeupe mara tatu, na namba 4, 5 na 6 mara mbili. Kwa raundi tano haiwezekani kuwa sawa zaidi ya hapo, na ndiyo maana kura ipigwe hadharani. Wakijitokeza watano tu, tumieni jedwali hili hili, na atakayekutana na namba 6 awe anapumzika raundi hiyo.

Tafuta tarehe ambayo haitahama

Shindano la Uholanzi huchezwa Januari. Mchezaji yeyote mkubwa anajua hivyo bila kuuliza, na kalenda za wengine hupangwa kwa kulizunguka. Mtwara inahitaji uthabiti wa namna hiyo, lakini Januari yenyewe haitufai hata kidogo: mvua zimeshika, shule zinafunguliwa, na mzazi aliyetoka kununua sare na madaftari hana shilingi ya kiingilio.

Miezi mingine nayo ina mambo yake. Juni walimu wa michezo wanakuwa kwenye pilikapilika za UMISSETA na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari na za msingi. Mwanzoni mwa Agosti watu wengi wa kusini macho yao yako viwanja vya Ngongo, Lindi, kwa ajili ya Nanenane. Kuanzia Oktoba minada ya korosho inaanza, na mkulima hataacha kufuatilia bei ili akasogeze vitunda. Baada ya kuzipima hizo zote, napendekeza wikiendi ya mwisho ya Septemba. Mvua hazijaanza, upepo wa kusi bado unapoza mji, na mtihani wa darasa la saba umekwisha. Ramadhani hurudi nyuma takribani siku kumi na moja kila mwaka, na haitaifikia Septemba kwa zaidi ya miaka kumi ijayo, kwa hiyo mwandaaji hatalazimika kuhamisha tarehe kwa sababu hiyo kwa muda mrefu.

Ikishachaguliwa, tarehe hiyo isihamishwe kwa kumngojea mtu, hata awe mdhamini. Kama mwaka fulani fedha hazipo, chezeni wanne kwenye darasa moja, mwandike matokeo, na toleo lihesabiwe.

Ukumbi na ratiba ya siku

Katika Wijk aan Zee, mabingwa hucheza katika ukumbi wa jamii wa kijiji uitwao De Moriaan, na jambo la kuigwa zaidi ni kwamba hawachezi peke yao. Katika ukumbi huo huo, kwa siku hizo hizo, mamia ya wachezaji wa kawaida wanacheza makundi yao, kiasi kwamba mwalimu au fundi anaweza kunyanyuka mezani kwake na kwenda kumtazama bingwa wa dunia hatua chache kutoka alipokaa. Mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, michezo ya watu wa kawaida haikuwepo, likachezwa kundi la juu peke yake.

Kwetu ukumbi wa shule ya sekondari au wa chuo cha ualimu unatosha, mradi uwe na meza imara, madirisha pande mbili ili hewa ipite, na mtu mmoja mwenye jukumu la kuhakikisha watazamaji hawanong'oni. Hili la mwisho si dogo. Mchezo wa bao na wa drafti kwenye baraza zetu unanogeshwa na maneno ya watazamaji, na mzee akimwona kijana anaacha kete wazi hawezi kujizuia. Watu hao wasifukuzwe, kwani ndio wachezaji wa kesho. Waelezwe mapema, kwa heshima, kwamba humu ndani ushauri hutolewa baada ya mchezo, na wawekewe nje chini ya kivuli ubao mwingine wa kuchambulia ambapo wataruhusiwa kusema watakavyo.

Barua ya taarifa ipelekwe mapema kwa afisa anayeshughulikia utamaduni na michezo katika halmashauri. Kwa kuanzia klabu inaweza kuendesha shindano chini ya mwavuli wa shule, lakini baadaye ni vyema isajiliwe kwa utaratibu wa Baraza la Michezo la Taifa, kwa sababu bila usajili itakuwa vigumu kufungua akaunti au kuomba mchango wa taasisi yoyote.

Kuhusu muda wa kufikiri, dakika 40 kwa kila mchezaji pamoja na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua ni kipimo kizuri. Mchezo wa hatua 60 hauzidi saa moja na dakika arobaini. Saa maalumu za sataranji zikikosekana, zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo, ila simu iwekwe katika hali ya kutopokea miito na iwe ya mwandaaji, si ya mchezaji. Jumamosi raundi ya kwanza ianze saa mbili na nusu asubuhi, ya pili saa nne na nusu, na zote mbili zitakuwa zimekwisha kabla ya swala ya adhuhuri na chakula. Ya tatu ianze saa nane kamili mchana. Jumapili anzeni saa tano, wakristo wakiwa wametoka ibada ya asubuhi, na raundi ya mwisho iwe saa nane.

Tengeneza ngazi ya kupandia

Hapa ndipo palipo na siri kubwa ya shindano lile, na ningeomba msomaji apatilie maanani kuliko sehemu nyingine zote. Kwa miaka mingi Wijk aan Zee lilikuwa na makundi matatu ya wachezaji wakubwa, A, B na C. Tangu 2014 yamebaki mawili, la mabingwa na la wanaowafuata. Mshindi wa kundi la chini hupata mwaliko wa kucheza kundi la juu mwaka unaofuata. Kwa njia hiyo mwandaaji hatafuti nyota wapya kwa kubahatisha, kwani ukumbi wake wenyewe unamzalia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Magnus Carlsen wa Norway. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 13, alishinda kundi C kwa pointi 10 na nusu kati ya 13. Mwaka 2006 alishika nafasi ya kwanza katika kundi B pamoja na Alexander Motylev. Mwaka 2007 akaingia kundi A, na huko akapata kipigo cha kweli: pointi nne na nusu, mkiani, bila ushindi hata mmoja. Waandaaji wangeweza kusema kijana hajaiva, arudi chini. Walimwita tena 2008, akaongoza kundi hilo hilo la A pamoja na Levon Aronian. Tangu hapo amelishinda shindano hilo mara nane kwa jumla, la mwisho likiwa la 2022, na mwaka 2013 alifikisha pointi 10 kati ya 13, sawa na zile alizopata Garry Kasparov, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, mwaka 1999.

Basi hata mkiwa na wachezaji kumi na wawili tu, wagaweni makundi mawili ya sita sita, A na B, na mtangaze tangu siku ya kwanza kwamba mshindi wa B ana kiti chake katika A mwakani, awe mwanafunzi wa kidato cha pili au bodaboda. Wala msimshushe aliyeboronga mara moja bila kutazama alivyocheza. Nashauri pia wasichana wasitengewe kundi lao katika miaka hii ya mwanzo. Judit Polgar wa Hungaria alicheza kundi la juu la Wijk aan Zee mwaka 2003 akiwa mwanamke pekee, akamaliza wa pili bila kupoteza mchezo, nusu pointi tu nyuma ya Viswanathan Anand; hakupata nafasi hiyo kwa kukaa chumba cha pembeni. Kinachohitajika ni ratiba inayowaruhusu wasichana kufika nyumbani kabla ya giza, na ile niliyoitaja hapo juu inaruhusu.

Andika kanuni ya pointi sawa kabla ya kura

Ugomvi mwingi huzuka raundi ya mwisho. Ushindi ni pointi moja, sare nusu, kushindwa sifuri. Hilo linaeleweka, lakini wawili wakilingana nani bingwa? Zamani Wijk aan Zee waliridhika kuugawa ushindi, kama ilivyokuwa kwa Anand na Veselin Topalov mwaka 2006. Kuanzia 2018 mambo yakawa tofauti: Carlsen na Anish Giri walilingana, wakacheza michezo ya haraka na Carlsen akashinda. Mwaka 2021 Giri akaingia tena katika hali hiyo, safari hii na Jorden van Foreest, Mholanzi mwenzake, na mchezo wa mwisho wa kuamua ukaenda kwa van Foreest, ambaye akawa Mholanzi wa kwanza kulishinda tangu Jan Timman mwaka 1985. Mwaka 2024 walilingana wanne, Wei Yi wa China akaibuka juu; mwaka 2025 Wahindi wawili, Praggnanandhaa na Gukesh, bingwa wa dunia wa wakati huo, wakalingana, na Praggnanandhaa akambwaga mwenzake.

Kwa Mtwara chagueni moja kati ya njia mbili na muibandike ukutani. Ya kwanza ni hesabu ya Sonneborn-Berger: chukua jumla ya pointi za wote aliowafunga mchezaji, ongeza nusu ya pointi za wale aliotoka nao sare, na mwenye jumla kubwa anatangulia. Ni ya haki na haihitaji muda, ila watazamaji hawaifurahii. Ya pili ni mchezo wa haraka wa dakika tano kwa kila mmoja, mara mbili kwa kubadilishana rangi. Wakilingana bado, unachezwa mmoja wa mwisho ambapo mwenye nyeupe anapewa dakika zaidi lakini sare inahesabiwa kuwa ushindi wa mwenye nyeusi. Mimi ningechagua hii ya pili kwa nafasi ya kwanza tu, na hesabu kwa nafasi nyingine, kwa sababu umati wa Jumapili jioni unastahili kuona bingwa akipatikana ubaoni.

Jioni ya Jumamosi: mchezo mmoja wa historia

Saa za jioni zisipotee bure. Wekeni ubao mkubwa, na mtu mmoja aonyeshe mchezo mmoja tu kutoka Wijk aan Zee. Ningeanza na wa Kasparov dhidi ya Topalov, uliochezwa tarehe 20 Januari 1999, kwa kuwa unamshika hata mtu aliyejifunza kanuni wiki iliyopita. Mwonyeshaji aufikishe hatua ya 24, asimame, na awaulize watu wangecheza nini. Kasparov alichukua ngome yake iliyokuwa mraba wa d1 (herufi hutaja safu, namba hutaja mstari) akala kitunda cha d4, mahali ambapo kitunda kingine cha Topalov kilikuwa kinaisubiri. Topalov akaila. Hatua iliyofuata, ngome ya pili ikatumbukia e7 na kumtishia mfalme, nayo malkia wa Topalov angeweza kuila pia, lakini angeila kwa hasara.

Kuanzia hapo mfalme mweusi alitolewa kwenye maficho yake na kusukumwa ubao mzima, kutoka a7 akapita b6, a5, a4, a3, b4, c3 na d2 hadi kufika d1, kwenye mstari wa nyumbani wa adui yake, na Topalov akakubali kushindwa katika hatua ya 44. Mwonyeshaji asiishie kwenye makofi. Arudi hatua ya 24 na aonyeshe kwamba Topalov hakulazimika kuila ile ngome: angemsogeza mfalme b6 angeweza kujihami. Waachieni wachezaji dakika ishirini wabishane juu ya hatua hiyo moja, vijana kwa wazee, na siku hiyo watu watajifunza kwa ubishi huo kuliko kwa mhadhara.

Chakula cha kufungia

Fedha ya zawadi ikiwa ndogo, msione haya kuitangaza ilivyo. Ila chakula cha pamoja kisikosekane, na kiwe kile kile kila mwaka. Wenzetu wana supu yao ya njegere. Sisi tuna mbaazi zinazolimwa Mtwara na Lindi, na mbaazi za nazi kwa chapati au kwa wali, zilizopikwa sufuria moja kwa wachezaji wote wa A na B, ni karamu isiyomwangusha mwandaaji yeyote. Wageni wa kutoka mbali wakae meza moja na wenyeji. Ikiwa kuna kiwanda cha kubangua korosho, bandari au chama cha ushirika kitakachopenda kuchangia, kiombwe kwanza kilete timu ya wafanyakazi wake kucheza kundi B, kisha ndipo liulizwe suala la hela. Hoogovens nayo iliingia kwenye sataranji kwa sababu mchezo ulikuwa karibu na watu wake.

Kumbukumbu

Kwa kanuni za kimataifa, mchezo wa dakika 40 kwa nyongeza ya sekunde 10 unahesabiwa kuwa wa haraka, na wachezaji hawalazimiki kuandika hatua zao. Ninyi walazimisheni, angalau hadi mchezaji abakiwe na dakika tano. Tunajua leo nani alishinda 1938 kwa sababu kuna mtu aliyeandika, na ule mchezo wa 1999 usingeonyeshwa Mtwara kama hatua zake zingebaki vichwani mwa waliokuwepo.

Kila mchezo uandikwe nakala mbili, moja ibaki kwa mwandaaji. Jedwali la matokeo lichorwe kwa wino kwenye kitabu kimoja kikubwa, majina upande wa kushoto na pointi za kila pambano mbele yake, na ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho uachwe kwa orodha ya washindi pekee, mwaka na jina, bila sifa za ziada. Jumapili hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika, mwandaaji asimame, amkabidhi mshindi wa kundi B barua ya mwaliko wa kundi A yenye tarehe kamili ya Septemba ijayo, na amwombe asaini nakala ya kuonyesha kwamba ameipokea.